Henry Morton Stanley: mtu wa shaba wa kilima cha Ngaliema

Juu ya kilima cha Ngaliema, magharibi mwa jiji la Kinshasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ipo bustani ya makumbusho inayotazama Mto Congo. Humo, chini ya anga, zimewekwa sanamu kubwa za shaba ambazo ziliondolewa mitaani baada ya nchi kupata uhuru. Yupo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akiwa juu ya farasi. Yupo mrithi wake, Albert wa Kwanza. Na yupo mtu wa tatu, ambaye hakuwa mfalme wala Mbelgiji. Amevaa mavazi ya safari, na mkono wake mmoja ameuinua hadi kwenye paji la uso, kama mtu anayejikinga na jua apate kuuona mto vizuri. Huyo ni Henry Morton Stanley.

Sanamu hiyo ilichongwa na Arthur Dupagne, msanii wa Kibelgiji aliyewahi kufanya kazi Congo akiwa mhandisi, na ilizinduliwa mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Wakati huo jiji liliitwa Léopoldville na kilima chenyewe kiliitwa Mlima Stanley. Leo hakuna jina hata moja kati ya hayo mawili lililobaki kwenye ramani. Aliyebaki ni yule mtu wa shaba, na swali ambalo wageni wa makumbusho hawaachi kujiuliza: alikuwa nani, na kwa nini amewekwa hapa?

Jibu la swali hilo linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili, kwa kuwa safari zote kubwa za Stanley katika Afrika ya Kati zilibebwa na watu wa pwani na wa bara waliosema lugha hii. Mwenyewe alijifunza Kiswahili, na ndiyo lugha aliyoitumia kuwaamuru, kuwabembeleza na kuwakemea watu wake.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, huko Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana asiyeolewa, na katika kitabu cha kanisa mtoto aliandikwa kuwa ni mwana wa haramu. Aibu hiyo ilimwandama maisha yake yote. Babu yake mzaa mama alimlea kwa miaka michache, na babu alipofariki, mtoto alikabidhiwa watu wengine wamtunze kwa malipo. Malipo yalipokatika, mwaka 1847, alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, mahali walipofungiwa wazee wasio na jamaa, wagonjwa na mayatima. Alikuwa na miaka sita. Alikaa humo hadi alipofikisha miaka kumi na mitano.

Alipotoka hakuna ndugu aliyemtaka kwa muda mrefu. Mwishoni mwa mwaka 1858 alipanda meli katika bandari ya Liverpool akiwa mtumishi wa melini, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata alitoroka meli hiyo mjini New Orleans, kusini mwa Marekani. Huko ndiko alikojipa jina jipya. Baadaye alieleza kwamba mfanyabiashara tajiri aitwaye Henry Hope Stanley alimchukua akamfanya mwanawe, lakini wanahistoria wengi hawaikubali habari hiyo. Inaelekea kwamba kijana asiye na baba aliamua kujitungia baba, akajipa na jina lake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka, aliingia katika jeshi la Kusini, upande uliotetea utumwa. Alitekwa katika mapigano ya Shiloh mwezi Aprili 1862 na kupelekwa katika kambi ya wafungwa mjini Chicago. Ili aondoke katika kambi hiyo iliyojaa maradhi, alikubali kujiunga na jeshi la Kaskazini, akaugua na kuachishwa. Baadaye aliingia katika jeshi la majini la Kaskazini, akatoroka tena. Kwa hiyo kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano, alikuwa amekwisha kupigana pande zote mbili za vita vimoja.

Mwandishi wa habari

Kilichomwokoa ni kalamu. Aliandika habari za vita kati ya serikali ya Marekani na Wahindi Wekundu, na mwaka 1868 gazeti la New York Herald likampeleka Uhabeshi kuandika habari za jeshi la Waingereza lililokwenda kumshambulia Mfalme Tewodros katika ngome ya Magdala. Kabla ya kuondoka alimpa fedha mtu wa simu ya maandishi huko Suez ili taarifa zake zitangulie za wenzake. Ikawa hivyo. Habari ya kuanguka kwa Magdala ilifika London kwa njia ya Stanley kabla haijafika kwa njia ya jeshi lenyewe.

Mhariri wake, James Gordon Bennett mdogo, aliona kwamba amepata mtu wa kazi. Mwaka 1869 alimtuma kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti ambaye kwa miaka kadhaa habari zake hazikusikika barabara Ulaya. Lengo la gazeti halikuwa huruma. Lilikuwa kuuza magazeti.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Stanley aliwasili Unguja mwezi Januari 1871. Mwezi Machi aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu wapatao 190, uliogawanywa katika makundi matano. Vitu vilivyobebwa vilikuwa ndizo fedha za wakati huo: majora ya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali kwa kuwa kila nchi ilipenda rangi yake, na nyaya za shaba. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo thelathini hivi begani au kichwani. Kirangozi alitangulia na bendera. Na katika kila nchi waliyopita, watawala walidai hongo, neno ambalo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, halali kabisa kwa desturi za nchi.

Mkuu wa askari wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa nchi ya Wayao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto, akarudi Unguja akiwa mtu huru. Bombay alikwisha kuwaongoza Richard Burton na John Speke hadi maziwa makuu zaidi ya miaka kumi kabla ya Stanley kuiona pwani ya Afrika Mashariki. Njia ambayo Stanley alisifiwa kwa kuipita ilikuwa njia ya biashara, na waliomwongoza waliijua.

Tabora alikuta vita. Mtemi Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu, na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Stanley alijiingiza upande wa Waarabu, wakashindwa, na ikambidi azunguke kusini. Alimfikia Livingstone Ujiji mwezi Novemba 1871 kwa hesabu yake mwenyewe. Maneno ya salamu aliyoyaandika gazetini yamerudiwa duniani kote, lakini ukurasa wa shajara yake unaohusu siku hiyo ulichanwa, naye Livingstone hakuyataja katika maandishi yake. Yawezekana salamu hiyo mashuhuri ilitungwa baadaye mezani.

Wawili hao walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kuchunguza kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walikuta unaingia, na kwa hiyo ziwa hilo halikuweza kuwa chanzo cha Mto Nile. Kumbukumbu ya safari hiyo ni jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaodhani kwamba hapo ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza, lakini hilo si sahihi. Walikutana Ujiji, na Mugere walipita wakiwa pamoja.

Livingstone alikataa kurudi Ulaya. Waliagana Machi 1872, na mwaka uliofuata mzee huyo akafariki katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo. Stanley alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza lake katika kanisa la Westminster Abbey, London, mwezi Aprili 1874.

Katika safari ya kurudi Ulaya, Stanley alikuwa amemchukua mvulana aitwaye Kalulu, mtoto mtumwa aliyepewa na mfanyabiashara mmoja wa Tabora. Alimvisha suti, akampeleka shule Uingereza, akapiga naye picha na hata kuandika kitabu cha hadithi chenye jina lake. Kisha akamrudisha Afrika katika safari iliyofuata.

Siku 999

Safari hiyo ya pili ndiyo iliyobadili historia ya Afrika ya Kati. Iligharamiwa na magazeti mawili, moja la New York na jingine la London. Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na mamia ya watu, Wazungu wenzake watatu, na mashua iliyoundwa kwa vipande ili ibebwe mabegani. Mashua hiyo aliiita kwa jina la mchumba wake wa Marekani, Alice.

Alilizunguka Ziwa Victoria lote na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja. Alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na barua yake iliyotoka gazetini mwezi Novemba 1875, ikiomba wamisionari waende Buganda, ilileta wamisionari wa kwanza huko mwaka 1877. Lakini katika ziwa hilohilo alitenda jambo lililomchafulia jina. Watu wa kisiwa cha Bumbire, ambacho sasa ni cha Tanzania, walikuwa wamemnyang'anya makasia na kumtisha. Miezi michache baadaye alirudi na mitumbwi mingi, akasimama mbali mishale isipofika, akawapiga risasi wakiwa wamejipanga ufukweni. Aliyesambaza habari hizo ni yeye mwenyewe, gazetini, kana kwamba ni ushindi. Huko London watetezi wa haki za wenyeji walipaza sauti.

Wanahistoria bado wanabishana juu ya ukatili wake. Wengine wanaamini kwamba alitia chumvi idadi ya mapigano na ya waliouawa ili kuwafurahisha wasomaji. Wengine wanasema kwamba hata ukipunguza chumvi hiyo, kinachobaki kinatosha kumhukumu. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba alitumia kiboko na minyororo kwa watu wake waliotoroka.

Baada ya kulizunguka Ziwa Tanganyika, alivuka kwenda Manyema, na huko mwezi Oktoba 1876 alikutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Walikubaliana kwa dola 5,000 kwamba Tippu Tip amsindikize kwa miendo sitini kuufuata Mto Lualaba. Waliondoka Nyangwe mwezi Novemba, wakaingia katika msitu mzito. Njaa, ndui na mapigano yaliwapunguza, na kabla ya mwaka kwisha Tippu Tip alirudi. Katika kitabu cha maisha yake, ambacho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika Kiswahili, Tippu Tip alilalamika kwamba Stanley hakumtimizia ahadi zake.

Stanley aliendelea na mto. Alipita maporomoko saba karibu na mahali palipo Kisangani leo, akaona mto ukigeuka kuelekea magharibi, na ndipo alipojua kwamba huo si Nile bali ni Congo. Machi 1877 alifika kwenye bwawa pana la Malebo, mahali ilipo Kinshasa. Chini ya hapo mto hutumbukia kati ya milima kwa takriban kilomita 350, poromoko baada ya poromoko. Kalulu alizama huko pamoja na wenzake mtumbwi wao ulipochukuliwa na maji. Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyekuwa amebaki na Stanley, alizama mwezi Juni. Tarehe 9 Agosti 1877, siku ya 999 kwa hesabu yake tangu aondoke Unguja, Stanley aliingia Boma, karibu na Bahari ya Atlantiki, akiwa na watu wachache zaidi ya mia moja waliodhoofu kwa njaa. Wengi wa walioondoka naye walikuwa wamekufa au wametoroka.

Jambo moja lazima lisemwe kwa haki. Stanley hakuwaacha manusura hao pwani ya Atlantiki. Alisafiri nao kwa meli kuzunguka kusini mwa Afrika hadi Unguja, akawalipa mishahara yao, na mishahara ya waliokufa wakapewa jamaa zao. Huko Unguja ndiko alikopata habari kwamba mchumba wake Alice alikwisha kuolewa na mtu mwingine.

Mtumishi wa Leopold

Waingereza hawakuonyesha hamu ya kuichukua Congo. Aliyekuwa na hamu ni Leopold wa Pili. Mfalme huyo wa nchi ndogo ya Ulaya alitafuta koloni kwa miaka mingi, na aliyemhitaji ni mtu anayeijua njia. Kuanzia mwaka 1879 hadi 1884 Stanley alimfanyia kazi, chini ya jumuiya zilizopewa majina ya kisayansi na ya kiutu ili kuficha kusudi lake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukata barabara kutoka Vivi, kando ya maporomoko, na kuzivuta meli ndogo za chuma hadi sehemu ya juu ya mto. Mamia ya wafanyakazi, wakiwemo watu wa Unguja aliowaajiri tena, walipasua miamba kwa nyundo na baruti. Wenyeji walipomwona akiwafundisha kushika nyundo walimpa jina la Kikongo, Bula Matari, yaani mvunja mawe. Yeye alilipenda mno. Baadaye jina hilo lilihamia kwa serikali ya kikoloni yenyewe, na kwa Wakongomani wengi likawa jina la hofu, la nguvu inayovunja kila kitu mbele yake.

Mwaka 1881 alijenga kituo kando ya Malebo na kukiita Léopoldville. Mkubwa wa eneo hilo alikuwa Ngaliema, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa mjanja na mwenye bunduki nyingi. Stanley alifanya naye undugu wa kuchanjiana damu, wakagombana, wakapatana. Katika mto mzima, yeye na wasaidizi wake waliwatia machifu alama zao kwenye mamia ya mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasizozijua. Kwa machifu wengi hayo yalikuwa maagano ya urafiki na biashara. Kwa Leopold yalikuwa hati za kutwaa ardhi na mamlaka.

Katika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Stanley alihudhuria akiwa mshauri wa ujumbe wa Marekani, na mataifa makubwa yakakubali kwamba Congo ni ya Leopold. Nchi hiyo kubwa ikawa mali ya mtu mmoja ambaye hakuikanyaga hata siku moja. Kilichofuata ni utawala wa pembe na mpira. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta, wanawake wakashikwa mateka, na mikono ya watu ikakatwa. Idadi ya waliokufa kwa mauaji, njaa na maradhi bado inabishaniwa na wataalamu, lakini inahesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 1908, kwa sababu ya fedheha hiyo, Ubelgiji ilimwondolea mfalme koloni lake na kulichukua kuwa la serikali.

Stanley hakuwepo Congo wakati wa mpira. Lakini mikataba aliileta yeye, barabara aliikata yeye, na habari za ukatili zilipoanza kufika Ulaya, aliendelea kumtetea Leopold hadharani.

Safari ya mwisho

Mwaka 1887 alianza safari yake kubwa ya mwisho katika Afrika ya Kati, akiongoza msafara wa kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri katika jimbo la Ikweta na aliyekatiwa njia na vita vya Mahdi. Alipita Unguja, akawachukua watu zaidi ya 600 na Tippu Tip mwenyewe, akazunguka nao kwa meli hadi mlango wa Mto Congo. Katika mapatano hayo Tippu Tip alifanywa gavana wa eneo la maporomoko ya Kisangani kwa niaba ya Leopold.

Msafara uligawanyika. Stanley alikata msitu wa Ituri na kundi la mbele, ambako watu walikufa kwa njaa na kwa mishale ya sumu. Kundi la nyuma liliachwa Yambuya kusubiri wapagazi, na huko watu wa pwani walikufa kwa makumi, wengi kwa njaa na kwa kula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, huku maafisa wa Kiingereza wakiwachapa viboko. Mkuu wa kundi hilo aliuawa kwa risasi Julai 1888. Emin Pasha alipopatikana, hakuwa na hamu kubwa ya kuokolewa. Walifika Bagamoyo Desemba 1889, na usiku wa karamu Emin akaanguka kutoka dirishani akaumia vibaya.

Stanley alipokewa Ulaya kama shujaa, kisha habari za Yambuya zikatoka, na sifa zikachanganyika na lawama. Julai 1890 alimwoa mchoraji Dorothy Tennant, wakamlea mtoto wa kupanga. Aliingia bungeni mwaka 1895, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899, na akafariki London tarehe 10 Mei 1904. Aliomba azikwe Westminster Abbey karibu na Livingstone. Mkuu wa kanisa alikataa. Alizikwa katika kijiji cha Pirbright chini ya jiwe kubwa lisilochongwa vizuri, na juu yake, pamoja na jina lake, likaandikwa lile jina la Kikongo, Bula Matari. Mwaka uliofuata Tippu Tip naye alifariki Unguja.

Shaba iliyoangushwa

Ubelgiji ilipomsimamisha Stanley kilimani mwaka 1956, ilidhani itabaki Congo kwa miaka mingi. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Serikali ya Mobutu ilibadilisha majina ya miji mwaka 1966: Léopoldville ikawa Kinshasa, na Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1967 Leopold na farasi wake waliondolewa. Kisha ikaja siasa ya kurudi kwenye asili, nchi ikaitwa Zaire, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zamu ya Stanley ikafika. Alivunjika miguuni alipoangushwa, na kwa miaka mingi alilala juu ya chombo kikuukuu cha chuma. Kilima kikapewa jina la Ngaliema, yule mkubwa wa pembe ambaye Stanley aliwahi kudhani amemzidi akili. Na katika miaka hiyohiyo jimbo la Katanga, lenye madini mengi, likapewa jina la Kiswahili: Shaba.

Mwezi Februari 2005 sanamu ya Leopold ilirudishwa katikati ya jiji kwa idhini ya waziri wa utamaduni, aliyesema kwamba historia isifutwe, nzuri na mbaya. Iliondolewa tena kabla siku haijaisha, kwa kuwa watu walikasirika. Hatimaye jibu lililopatikana ni makumbusho. Stanley naye alitengenezwa, akasimamishwa tena, lakini ndani ya uzio. Barabarani sanamu humtaka mpita njia aheshimu. Katika makumbusho humruhusu aulize.

Huko alikozaliwa nako hakujatulia. Mji wa Denbigh ulimsimamishia sanamu ya shaba mwaka 2011, akiwa amenyoosha mkono wa kusalimu. Baada ya maandamano ya mwaka 2020 dhidi ya sanamu za wakoloni na wafanyabiashara wa utumwa, wakazi walipigiwa kura mwaka 2021, na wengi wa waliopiga waliamua ibaki.

Katika bustani ya Ngaliema, Stanley amesimama peke yake. Hayupo Bombay aliyeijua njia kabla yake. Hayupo Uledi, nahodha wa mashua aliyejitupa mara nyingi majini kuwaokoa wenzake, wala Manwa Sera aliyewaongoza wapagazi. Hawapo mamia waliozikwa kando ya njia kutoka Mpwapwa hadi Yambuya. Baadhi ya majina yao yamehifadhiwa katika vitabu vya Stanley mwenyewe, mengine yamepotea. Lakini lugha waliyoisema haikupotea. Misafara ya biashara ilikwisha kuifikisha Manyema kabla ya Stanley, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Congo, na husemwa kutoka Lubumbashi hadi Bunia na kuvuka mipaka hadi kwa jirani zake. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya wapagazi, na haikuhitaji shaba.